Kukomboa Senti ya Tundu

Mashine ya Pius iko chini ya kitanda changu, imelazwa juu ya gunia, na mpaka leo hakuna aliyekuja kuikomboa. Niliinyakua siku ya mazishi yake, mbele ya watu, jeneza likiwa bado sebuleni, na niliinyakua kwa haki. Pius alikuwa Mluguru, mimi ni Mzigua, na sisi kwa wao ni watani tangu enzi za mabibi. Mtani akifika msibani anaruhusiwa kumsema marehemu vibaya, kuvaa kofia yake, kuingia kaburini na kugoma kutoka, na kuchukua kitu chochote cha nyumba ile akakishikilia mpaka wafiwa wakikomboe. Nilitaja bei ya kijinga, kama inavyotakiwa. Watu walicheka, kijana wake mkubwa akasema tutaongea, mama, basi nikaondoka na mashine begani nikijua nitafuatwa. Arobaini imepita. Mwezi uliopita nilipiga simu mwenyewe, jambo ambalo mtani mwenye heshima zake halifanyi, nikapunguza bei kabla sijaombwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya sokoni hata nikiwa na homa. Kijana alinisikiliza kwa adabu, akaniambia, baki nayo tu, mama, sisi tungewapa wa vyuma chakavu. Nimekaa sokoni miaka mingi nikiambiwa maneno mabaya na watu wanaojua kuyapanga, lakini hilo la baki nayo tu lilinipeleka kitandani saa kumi na moja jioni.

Ni mashine ya kupima vyuma ardhini, wengine huiita detekta: mti mrefu wenye sahani chini, kisanduku cha betri katikati, na visikio ambavyo sifongo yake ilishaliwa na mende. Pius alipewa na mzungu mmoja wa kupima barabara aliyemaliza mkataba akakosa hela ya kumlipa mishahara ya mwisho. Mwingine angekwenda kulalamika. Pius aliipokea, akaizungusha mkononi, akaja nayo chumbani kwangu Mwembesongo akiwa na uso wa mtu aliyeokota mtoto barabarani.

Huo ndio mwaka ninaotaka kuusimulia. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimepanga chumba kimoja uani, ukuta mmoja ni wangu na fundi cherehani, ukuta wa pili ni wangu na mama aliyekuwa akipika vitumbua. Nilikuwa nauza vitu vya mkononi sokoni, vikombe, pasi za mkaa, saa zilizosimama. Pius alikuwa na wazo moja tu, lile lile walilonalo wanaume wote wa Morogoro waliowahi kukaa karibu na mlima: kwamba Mjerumani alipokimbia aliacha mali Uluguru. Yeye hakutaka masanduku ya dhahabu, hilo nampa. Alisema watu waliokuwa wanapanda na kushuka kwenye njia zile walikuwa na mifuko iliyotoboka kama yetu. Aliamini mifuko iliyotoboka. Tukagawana kazi: yeye atembee na kuchimba, mimi nisafishe, nitambue, niuze.

Chumba kilijaa mabakuli. Niliyapanga chini ya kitanda, juu ya kabati, dirishani, kila bakuli na sarafu zake zikiwa zimelala kwenye mafuta. Ukiingia ulikuwa unanusa mafuta ya alizeti, mafuta ya taa na vitumbua vya jirani, na mpaka leo nikipita panapokaangwa vitumbua nahisi kama nimesahau kitu kwenye bakuli. Mwanzoni hatukujua kusafisha. Rupia ya kwanza aliyoleta Pius, ya fedha tupu, yenye kichwa cha mfalme wao aliyevaa kofia yenye ndege juu, aliisugua yeye mwenyewe kwa mchanga na jivu, kama mama zetu wanavyosugua sufuria, na aliisugua kwa upendo. Iling'aa ukaweza kujitazama. Mfalme alikuwa amebaki hana masharubu wala jicho. Tulimpelekea mnunuzi mmoja Dar, mzee wa dukani, akaishika ukingoni kama anashika panya, akasema mmeiua. Akatoa bei ya marehemu. Nilibishana naye mpaka akaniletea kiti, nikatoka na nauli na soda.

Baada ya hapo nilikataza mchanga, jivu, ndimu, ukwaju na dawa ya meno. Nilijifunza kungoja. Unailoweka, unaisahau, unabadilisha mafuta, unaisahau tena, halafu unachukua mwiba wa mchungwa na kuondoa uchafu kidogo kidogo, maana mwiba ni laini kuliko shaba na hauachi alama. Na nilijifunza kuzisoma hata zikiwa bado na matope. Zenye samaki na sungura ni zetu, za juzi, unamrudishia mtoto akanunulie pipi kama bado zinanunua. Simba mbele ya milima ni shilingi ya Mwingereza. Ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu ni pesa ya mwanzo kabisa ya Mjerumani. Na zile zenye tundu katikati ndizo zilizowachanganya watu, kwa sababu wote wawili walitoboa, Mjerumani hela yake na Mwingereza senti yake, na wote wawili waliweka taji. Lakini hela ya tundu ukiikwaruza ukingoni ni nyeupe, na senti ya Mwingereza, karibu zote nilizowahi kushika, ni nyekundu. Ukingo hausemi uongo hata uso ukiwa umekwisha. Nilikuwa naangalia ukingo, nageuza, naangalia tena. Pius alikuwa akinicheka kwamba hata wali nauhesabu mara mbili kabla ya kumeza.

Hatukutajirika. Tulikula. Walikuja mlangoni wanaume wenye viatu vizuri wakitaka rupia za miujiza, inayozima tochi, inayovuta sindano, na mimi niliwaambia ninayo inayokula ugali lakini imetoka kidogo. Walikuja wengine na sarafu zao wenyewe wakitaka niwahakikishie utajiri, nikawa mtu wa kuvunja mioyo asubuhi na jioni. Kufika masika nilikuwa nimechoka na matope ya watu. Ndipo akaja Bibi Leonia.

Aliteremka kutoka kijiji cha juu, sikitaji jina maana bado kuna watu wana majembe na tamaa ya rupia, na alikuja na kikapu cha karoti ambacho alikiweka mlangoni kabla hajasalimiwa, kama mtu anayelipa kiingilio. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akatafuta pa kukaa kati ya mabakuli. Alikuwa mwembamba, amevaa rozari shingoni na koti la kiume. Pius alikuwepo, anakula. Bibi alizitazama sarafu kwenye mafuta kwa muda mrefu, akauliza kama hawa wote wameandikiwa dawa. Kisha akaeleza shida yake, na aliieleza kwa mpangilio, kama mtu aliyeirudia njia nzima.

Waluguru ardhi yao inapita kwa mama. Shamba lake lilikuwa la mama yake na la bibi yake kabla, ngazi kadhaa mlimani zenye migomba na karoti. Mkubwa wa ukoo alikuwa Gervas, mtoto wa mdogo wake, ambaye kijiji kizima kilimwita Mjomba. Gervas amepata mtu wa mjini anayetaka kujenga nyumba ya wageni pale, watu waje watazame mawingu. Bibi Leonia amekataa, amesema pale amelala bibi yake, mama wa ukoo, aliyekufa mwaka ule vita vya Mjerumani vilipopita mlimani, akazikwa na uzi wa pesa za tundu shingoni ili huko aendako asiwe mtu wa kuomba. Mahali penye kaburi la mama wa ukoo hapauzwi, hata Gervas anajua. Lakini maporomoko ya mvua moja kubwa yalishafuta mawe na mti wa alama, na aliyelijua kaburi wa mwisho alishakufa. Mbele ya wazee Gervas amesema hivi: lionekane kaburi, hauzi. Lisipoonekana, mama mkubwa aweke dole gumba kwenye karatasi. Na mnunuzi anakuja Jumapili baada ya misa.

"Nimesikia una kitu kinachosikia chini," akamwambia Pius. "Nataka kimsikie bibi yangu."

Pius aliacha kula. Nilijua ameshakubali, kwa hiyo mimi nikafanya kazi yangu, nikamuuliza bibi tutapata nini. Akanitazama kutoka kwenye kilemba mpaka kwenye ndala, akaniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nikasema Handeni. Akacheka mara ya kwanza. Akasema karoti zipo, na Mzigua akizila anaweza hata kuona haya.

Tulipanda Ijumaa. Nyumba ya Bibi Leonia ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje ambalo ndilo lilikuwa nyumba hasa, kwa sababu mlimani kuna baridi na kila mtu anaishia kwenye moto. Alitupikia magimbi na maharage yenye nazi kidogo, akatuwekea kwenye sinia moja, na tulipokuwa tunanawa Gervas alifika. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nimeshampangia maneno. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mabega yameshuka, viatu vya plastiki vya mvua, na alimpa mama yake mkubwa shikamoo kwa kuinama. Hakuingia. Waliongea nyuma ya ukuta wa jiko, na ukuta ule ulikuwa wa fito, kwa hiyo hatukusikiliza, tulisikia. Hakuwa anabishana. Alikuwa anamwambia kwamba udongo umechoka, kwamba karoti zikiwa nyingi zinauzwa kwa bei ya kubeba, kwamba yeye ndiye kila mtoto wa ukoo anamtazama mikono shule zikifunguliwa, na kwamba amechoka kutazamwa mikono. Bibi akamwambia alale, kesho mashine itasema. Gervas akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yeye binafsi angefurahi ikisema. Pius alinitazama juu ya sinia. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yakakosa pa kwenda.

Jumamosi asubuhi ukungu haukuondoka. Pius alivaa visikio, akaanza ngazi ya chini, akipeleka sahani kulia na kushoto polepole kama mtu anayefagia nyumba yenye mgonjwa. Watu walikuwa wamejikusanya ukingoni, wazee wachache, akina mama na watoto wao mgongoni. Mashine ililia, akachimba, msumari. Ililia, kipande cha jembe. Ililia, kifuniko cha soda, watu wakacheka, mmoja akasema bibi alikuwa anapenda fanta. Gervas alisimama peke yake mikono nyuma. Ngazi ya tatu, karibu na migomba ya zamani, Pius alisimama. Akarudi hatua moja. Akapitisha tena, na tena kwa upande mwingine, akavua visikio, akavua na kofia. Aliniita kwa jina. Alinionyesha kwa kidole hewani, bila kugusa udongo: sauti ndogo ndogo, laini, siyo chuma, ziko karibu karibu na zinazunguka. Duara lenyewe dogo, akasema, kama mdomo wa bakuli lako.

Nikaliangalia lile duara lake la hewani nikaona ni dogo mno. Uzi wa shingo ya mwanamke mzima unalala kwa upana zaidi. Nilimwambia arudie. Akarudia, likawa lile lile.

Sasa ikawa nani achimbe. Mashine inasema kuna madini, haisemi ni nani. Gervas alitaka sarafu moja itolewe, ionekane ni ya Mjerumani, ndiyo makubaliano. Lakini hakuna Mluguru pale aliyekuwa tayari kutia mkono kwenye kaburi la ukoo, Pius mwenyewe akiwemo, alikuwa ameshakaa mbali na kofia yake mkononi. Wazee walinong'ona. Ndipo Bibi Leonia akasema kwani sisi hatuna mtani hapa, na uso wote wa ule mlima ukanigeukia.

Walinitania kama inavyotakiwa, na sijui kama bila utani ningeweza. Mzee mmoja alisema nichimbe tu, Mzigua mikono yake haina cha kupoteza. Nikamwambia ninyi mnazika watu kwenye mteremko, maiti zenu zinateleza zinafika Morogoro zinapanga chumba, ndiyo maana nyumba zimekuwa ghali. Mama mmoja alisema nichunge nisile udongo. Nikasema nisubirini nionje. Huku nimepiga magoti, kisu kidogo mkononi, kisha nikaacha kisu, nikatumia vidole. Udongo wa kule ni mweusi na baridi. Nilifika kwenye uzi ambao haukuwepo tena, nikaona shanga za bluu, ndogo kama mbegu za mchicha, halafu sarafu, halafu nyingine. Nilichukua moja na shanga zilizoganda nayo. Nyingine nilizifunika nikashindilia kwa kiganja. Nilipoinuka nilikuwa nimeacha kutania, na wao pia.

Gervas alitaka nisugue kwa ndimu pale pale, tumalize. Nilikataa. Niliomba mpaka chakula cha mchana kiive, akanipa mpaka maji ya ugali yachemke, tukakubaliana mpaka ugali usongwe. Nilikaa jikoni kwenye kigoda, nikapasha mafuta kidogo kwenye kijiko, nikaitumbukiza, nikaanza na mwiba. Bibi Leonia alisonga ugali bila kutazama sufuria. Gervas alisimama mlangoni akiniziba mwanga, nikamsogeza mara mbili. Kwa kawaida ningeanza na ukingo, ni kazi ya kukwaruza kidogo tu. Siku ile nilianza na uso, na nadhani nilijua kwa nini. Matope yalitoka vipande vipande kuzunguka tundu. Likatokea taji. Nikageuza. Upande wa pili kikaanza kutokea kitu chembamba kilichopinda, halafu chenzake kikikitazama, kila kimoja upande wake wa tundu. Pembe za ndovu. Nikageuza tena, nikaenda ukingoni, nikakwaruza kwa ncha ya mwiba, nikapuliza. Nyekundu. Nikakwaruza upande wa pili wa ukingo, kama vile sarafu inaweza kuwa Mjerumani huku na Mwingereza kule. Nyekundu.

Gervas alikuwa ameshaona. Alisema ni senti kumi ya Mwingereza, alikuwa akitumwa nazo dukani. Nilisema ndiyo. Mjerumani alikuwa ameshaondoka zamani ilipotengenezwa hii, na yule bibi wa vita hawezi kuwa ameivaa. Niliona Bibi Leonia ameacha mwiko umesimama kwenye ugali. Gervas hakushangilia hata kidogo. Alimwambia mama yake mkubwa, pole, kesho nitakushika mkono nikupeleke mwenyewe, nao wazee waliokuwa nje wakaanza kukohoa na kuaga.

Mimi nilikuwa nimechoka. Magoti yananiuma, njaa, mwaka mzima wa kuwaambia watu sarafu zao siyo wanazozidhani. Ningeirudisha ile senti ardhini tukateremka. Lakini ilikuwa kiganjani mwangu na shanga zake, na nikakumbuka kitu ambacho kila Mzigua anakijua kabla ya kujua kusoma. Nilifumba mkono.

"Hamjanikomboa," nikasema.

Watu walirudi mlangoni wakicheka, walifurahi kupata cha kucheka. Gervas naye alitabasamu kwa adabu, akaingiza mkono mfukoni. Nikamwambia hela yake akanunulie viatu.

"Mtani, taja basi unachotaka," akasema.

"Nataka kujua ni ya nani. Siwezi kukombolewa na mtu asiyejua anakomboa nini."

Alisema sasa nani anayejua. Mimi nikafungua mkono nikamwonyesha Bibi Leonia zile shanga, nikamwambia duara lilikuwa dogo, bibi, kama mdomo wa bakuli. Bibi akaepua ugali, akaufunika. Akafuta mikono kwenye koti. Akaichukua ile senti kutoka kwangu, nikamwacha, akaipeleka karibu na moto.

Alisema nyumba ya mama yao ilikuwa hapo juu kabla ya maporomoko, na migomba ile ilikuwa ya uani. Alisema mdogo wake, mama yake Gervas, alizaa kabla ya Gervas. Mtoto hakufika kubatizwa, wala hakutolewa nje kuonyeshwa watu. Watoto wa hivyo walizikwa na akina mama peke yao, uani, bila kilio, na baada ya hapo hawasemwi, ili atakayefuata asije akawafuata. Yeye Leonia, ingawa ndiye mkubwa, alikuwa bado hajazaa, kwa hiyo hakuruhusiwa kwenda nao uani, aliachwa ashike mlango. Lakini senti anaijua. Mtoto alipozaliwa yeye ndiye aliyetumwa kwa Mhindi kuchenjisha nusu shilingi, wakamwambia alete zenye tundu, za kumvalisha, na njiani alizitunga kwenye unyasi akazivaa mkononi kama bangili mpaka nyumbani.

Jikoni mlikuwa na moshi tu. Gervas aliuliza alikuwa nani. Bibi alisema alikuwa wa kiume.

"Jina lake?"

"Lilikuwa limeshachaguliwa. Halikutumika. Wakakupa wewe."

Gervas alikaa chini pale pale kizingitini, na viatu vyake vya mvua. Aliomba aione. Bibi alinirudishia mimi kwanza, kwa sababu alikuwa anajua taratibu kuliko sisi wote: kitu kilikuwa mikononi mwa mtani, hakiwezi kwenda kwa mwenyewe bure. Nikaishika mbele yake, nusu safi, nusu bado na matope. Sokoni ukimwacha mwenzako ataje bei wa kwanza, unataka aumbuke au unataka kumsaidia.

"Taja wewe," nikasema.

Aligeuka akaitazama migomba kule ngazi ya tatu. Nje mtu alimnyamazisha mtoto. Kisha Gervas akasema, siuzi.

"Rudia."

"Siuzi," akasema tena, na safari hii aliwasemea wazee waliokuwa nje.

Nikampa. Aliishika kwa vidole viwili ukingoni, vile vile alivyoshika rupia yule mnunuzi wa Dar, lakini nilikuwa sijawahi kuona pesa isiyonunua kitu ikishikwa hivyo. Jioni ile niliirudisha mahali pake, kwa mikono yangu, na yeye akiwa amesimama karibu kuliko mwanamume anavyoruhusiwa kusimama. Alitaka kujua kama nitamalizia ule upande mwingine. Nilimwambia upande mmoja unatosha. Jumapili mnunuzi alikuja na kalamu yake, akapewa kikapu cha karoti.

Bibi wa vita hakuonekana. Pius aliipitisha mashine kwenye ngazi zote, msimu ule na uliofuata, na hakumsikia. Bibi Leonia alizikwa palepale kwenye migomba miaka kadhaa baadaye, na nilipanda nikaingia kaburini kwake nikagoma kutoka mpaka Gervas aliponipa koti la bibi, lile la kiume. Ninalo. Kuhusu utajiri wetu, habari zilienea mlima mzima kwamba kuna Mluguru anayesikia waliozikwa na Mzigua anayeruhusiwa kuwagusa, na kuanzia hapo hakuna aliyetuita kwa ajili ya rupia. Walituita kwa makaburi. Tulikwenda, masika ilipoisha tukaendelea kwenda, tukalipwa magimbi, ndizi, mara moja jogoo mwenye mguu mmoja. Mwisho wa mwaka niliyamwaga mafuta, nikayaosha mabakuli, nikarudi kwenye pasi za mkaa. Pius hakuacha. Kila aliyempandisha mlimani alimkuta tayari, na wanawe walikua wakimwona baba yao anaondoka na mti begani na kurudi na mboga, kwa hiyo siwezi kuwalaumu sana kwa kuona ni chuma chakavu.

Jana niliivuta kutoka chini ya kitanda nikaiwekea betri za tochi. Sikutegemea, lakini iliguna. Niliipitisha sakafuni, ikalia karibu na mlango, na kabla sijainama nilijua kwa sauti kwamba ni msumari, Pius alinifundisha. Nilizima, nikaifuta, nikairudisha kwenye gunia. Nimeamua kutopiga simu tena. Bei niliyowatajia msibani naifuta, na ile niliyopunguza kwenye simu naifuta pia. Mlango wangu hapa Mwembesongo unajulikana. Aje yeyote kati yao, akae hapo kwenye kigoda, aniambie hii mashine ilikuwa ya nani. Nitamwambia arudie, halafu achukue aende.